Je, Wajua? Visa vya Doctor Who vilivyopanda na kushuka chati

Je, wajua kuwa sehemu ya kwanza ya Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, ilirushwa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa? Wiki iliyofuata BBC iliirudia kwanza, ndipo ikaonyesha ya pili.

Je, wajua kuwa zaidi ya sehemu 90 za miaka ya 1960 hazijulikani zilipo? Kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo BBC ilizifuta ili izitumie tena. Sauti za sehemu zote zimebaki, kwa sababu kuna watazamaji waliokuwa wakizirekodi nyumbani kwa kusogeza maikrofoni karibu na televisheni.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mashabiki walisifu na kuponda visa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuviona. Chukua The Enemy of the World, kisa cha sehemu sita kilichoonyeshwa kati ya Desemba 1967 na Januari 1968. Iliyokuwa imesalia ni sehemu ya tatu peke yake, yenye maneno mengi na vitendo vichache, na kisa kizima kikahukumiwa kwa hiyo moja: kinachosha. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, msaka filamu za zamani, amezipata nyingine tano katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Watu wakaona helikopta, mbio za ufukweni, na Patrick Troughton akicheza nafasi mbili: Daktari mwenyewe na dikteta Salamander anayefanana naye kama pacha. Kisa kilichodharauliwa miaka 45 kikapanda chati, na kilistahili.

The Tomb of the Cybermen kilikuwa na bahati tofauti. Kilisifiwa mno kilipokuwa kimepotea. Kilipopatikana Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya waliokisifu wakapoa.

Je, wajua kuwa The Deadly Assassin, cha 1976, kilishambuliwa pande zote? Mwanaharakati Mary Whitehouse alilalamikia picha ya Daktari akizamishwa majini, iliyogandishwa mwishoni mwa sehemu ya tatu, na BBC ikaomba radhi. Kuna mashabiki waliochukia kuona Time Lords, watu wa kabila la Daktari, wakiwa wazee wanaokula njama. Leo kinahesabiwa miongoni mwa visa bora.

City of Death, cha 1979, kilipigwa picha kwa sehemu mjini Paris, na sehemu yake ya mwisho ilivuta watazamaji milioni 16.1. Mgomo ulikuwa umeizima ITV, chaneli shindani. Lakini ucheshi wake ungependwa hata bila mgomo.

Je, wajua kuwa katika kura ya Doctor Who Magazine ya mwaka 2009, kati ya visa 200, kilichoongoza na kilichoshika mkia vilionyeshwa kwa kufuatana, Machi 1984? Cha kwanza ni The Caves of Androzani, kilichoandikwa na Robert Holmes. Daktari na mwenzake Peri wamepata sumu, na dawa aliyoipata inamtosha mtu mmoja tu. Anampa Peri, kisha anaanguka na kubadilika kuwa Daktari mwenye sura mpya. Wiki iliyofuata, katika The Twin Dilemma, Daktari mpya anamkaba Peri huyo huyo koo. Mtu ametoka kufa kwa ajili yake! Mashabiki hawajasamehe, nami sioni kwa nini wasamehe.

The Talons of Weng-Chiang, cha 1977, bado kinasifiwa kwa uandishi wake. Hata hivyo Mwingereza mweupe alipakwa vipodozi ili acheze Mchina, na kasoro hiyo haipaswi kufumbiwa macho.

Na Kinda, cha 1982? Watazamaji walikicheka kwa sababu ya joka la rangi ya waridi lililoonekana wazi kuwa la bandia. Toleo la DVD la 2011 lilimpa mtazamaji hiari ya kuliondoa na kuona la kompyuta. Ukitaka kujua thamani ya kisa hiki, acha joka, sikiliza wahusika wanavyozungumza.