Kinachowaka Usiku Katika Nyumba za Delta

Giza likiingia katika vijiji vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, nyumba nyingi huwasha vitu vitatu: kuni kwenye mafiga, kibatari na dawa ya mbu ya kuchoma. Mbu wa huku hawana mchezo, hivyo milango hufungwa mapema, na moshi hubaki ndani na wenye nyumba.

Hatari kubwa ya moshi huo ni chembe zisizozidi maikromita 2.5. Unene wa unywele mmoja ni sawa na chembe hizo takriban 30 zikipangwa sambamba. Vumbi kubwa hunaswa puani tukapiga chafya. Hizi ndogo hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi huchangia nimonia kwa watoto, na kiharusi na maradhi ya moyo kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Kuni mbichi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu joto huishia kukausha maji na moshi hauteketei wote. Kibatari nacho si cha kupuuzwa: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua humo hugeuka masizi. Pitisha kidole ukutani juu ya kibatari uone. Dawa ya mbu je? Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kuwa duara moja hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137.

Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini mtungi wa gesi wa kwenda visiwa vya delta lazima upande boti, na gharama hupanda nao. Wakati tukiusubiri, tuanze na chumba cha kulala. Chandarua chenye dawa humzuia mbu bila moshi; taa ndogo ya sola ichukue nafasi ya kibatari. Jiko lihamie kwenye banda la nje lililo wazi, kuni zikaushwe kwanza. Mkaa una moshi kidogo, ila hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana inayoua. Usilale nao ndani. Na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika: apate mtu wa kumshika mbali na moto.