SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: KUIFIKIA PAMPU YA PETROLI

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti:

pampu – tangi – kabureta – gasketi – mvuke

Vema. Sasa sikilizeni.

Tuseme una pikapu ya zamani, na kazi yake ni kupeleka maziwa mjini kila alfajiri. Leo umepiga stata. Injini inazunguka, lakini haiwaki. Maziwa yamo garini, na jua likipanda yataharibika. Mtu mmoja akuambia, “Pampu imekufa, nunua nyingine.” Wa pili akuambia, “Pampu imefichwa chini ya bodi. Tutoboe sakafu, tutaifikia upesi.” Wa kwanza aweza kukupotezea fedha. Wa pili aweza kukupotezea uhai. Basi leo tujifunze wenyewe pampu iko wapi, na njia gani ni salama ya kuifikia.

Pampu iko wapi?

Kazi ya pampu ni kuvuta petroli kutoka katika tangi na kuipeleka kwenye injini. Katika magari ya zamani pampu mara nyingi huwekwa mahali pawili. Tutachukua mfano wa Toyota Hilux ya miaka ya 1980. Baadhi ya gari hizo zina injini iitwayo 22R. Nyingine zina injini iitwayo 22R-E. Fungua boneti, utafute kibao cha chuma chenye aina ya injini, ukisome polepole.

Mmeona tofauti? Ni herufi moja tu, E. Injini ya 22R hutumia kabureta, na pampu yake imefungwa kwenye injini yenyewe, upande wa mbele. Unaiona kwa macho. Injini ya 22R-E haina kabureta. Petroli hupulizwa ndani kwa sindano, na pampu yake ni ya umeme, nayo imo ndani ya tangi. Herufi moja yakuonyesha kama kazi ni ya saa moja au ya siku nzima. Ndiyo maana twasema kusoma ni chombo cha fundi, kama spana.

Ikiwa pikapu yako ni ya dizeli, mpango wake ni mwingine. Usiufuate huu.

Je, pampu imekufa kweli?

Usinunue pampu kabla ya kuipima. Kwanza hakikisha kuwa tangi lina petroli. Usicheke, mshale wa petroli huweza kusema uongo.

Kwa pampu ya ndani ya tangi, mwenzako apige stata, nawe usikilize kwenye mdomo wa tangi. Pampu nzima huvuma kama nyuki. Magari mengine huvuma mara tu ufunguo unapofunguliwa, lakini Hilux hiyo hungoja stata izunguke. Ukisikia mvumo na petroli haifiki mbele, huenda chujio limeziba. Usiposikia kitu, tazama fyuzi, kisha waya. Fundi wa umeme apime kama umeme unafika kwenye pampu, kabla mpira wowote wa petroli haujafunguliwa. Fyuzi iliyokatika ni kitu cha bei ndogo. Kwa nini ununue pampu?

Kwa pampu ya kwenye injini, kwanza ondoa waya wa koili ili plagi zisitoe cheche. Ngoja injini ipoe. Chomoa mpira unaokwenda kwenye kabureta, uutie ndani ya chupa, kisha stata ipigwe kidogo. Petroli ikiruka kwa mapigo yenye nguvu, pampu ni nzima. Vuta pia kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Oili ikinuka petroli, huenda ngozi iliyo ndani ya pampu imepasuka. Hapo badili pampu na oili pia, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi injini.

Adui ni mvuke

Sasa fungueni madaftari, mwandike sentensi hii: *Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa.*

Maana yake ni kwamba hauruki juu ukapotea. Hutambaa chini, huingia mashimoni, na huweza kukutana na jiko au sigara iliyo mbali nawe. Kwa hiyo fanya kazi nje, penye upepo, wala si ndani ya shimo la karakana. Usitumie taa ya moto. Ondoa waya wa betri wa upande wa kutoa kabla ya kufungua mpira. Weka karibu mchanga mkavu au chombo cha kuzimia moto cha unga. Usimwagie maji petroli inayowaka, kwa sababu huelea juu ya maji na kusambaa nayo.

Njia mbili za kufikia tangi

Pampu ya kwenye injini hushikwa na bolti mbili, nayo haihitaji maelezo mengi. Ya ndani ya tangi ndiyo yenye taabu, kwa kuwa mfuniko wake uko juu ya tangi, na juu ya tangi imelala bodi.

*Njia ya kwanza ni kushusha tangi.* Njia hii yafaa ukiwa peke yako, au bodi ikiwa na kutu na bolti zake hazifunguki. Kwanza toa petroli yote. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Basi lita 40 ni kilo 30, na petroli hiyo huchezacheza. Inua gari, uliweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, maana jeki ikiteleza gari litakuangukia. Weka jeki nyingine na ubao chini ya tangi. Fungua mpira wa kujazia, kisha bolti za tangi. Lishushe kidogo, ufungue mipira na waya za juu, ndipo ulishushe lote.

*Njia ya pili ni kuinua bodi.* Njia hii yahitaji watu wanne au zaidi, lakini tangi hubaki mahali pake. Fungua bolti zinazoshika bodi kwenye chesisi, waya za taa za nyuma, na mdomo wa kujazia petroli. Ukisahau kimoja kati ya hivi, utakivunja. Kisha watu wainue bodi pamoja, waiweke pembeni.

*Njia ya tatu* ni ile ya kutoboa sakafu kwa grainda. Hiyo msiifuate. Grainda hutoa cheche juu ya tangi lenye mvuke. Hata tangi tupu lina mvuke, na tangi tupu huweza kulipuka.

Kubadili pampu

Ukiisha kufika, kazi iliyobaki ni ndogo. Safisha vumbi lote juu ya tangi kabla ya kufungua mfuniko. Vumbi likiingia litaziba chujio jipya. Funga karatasi kwenye kila mpira na waya, uandike namba: 1, 2, 3. Zungushia kitambaa kwenye kiungo cha mpira, ukifungue polepole, kwa kuwa petroli yaweza kuwa bado ina nguvu ndani. Toa pampu taratibu, ukilinda mkono wa boya. Tia pampu mpya pamoja na chujio dogo jipya la chini yake na gasketi mpya. Kaza skrubu kwa zamu, pande zinazokabiliana.

Kabla ya kurudisha bodi, unganisha mipira, waya na mdomo wa kujazia, kisha rudisha waya wa betri, uwashe injini, utazame kama kuna tone. Ukiwa ulishusha tangi, lirudishe kwanza, kisha utazame vivyo hivyo. Tone moja la petroli si dogo. Zima, urekebishe.

Na pampu mpya idumu vipi? Petroli iliyo ndani ya tangi ndiyo huipoza pampu ya umeme. Anayetembea kila siku na tangi karibu tupu huichosha kwa joto. Jitahidi kubakiza robo ya tangi.

Maswali ya kujibu darasani

1. Herufi E katika 22R-E yakuonyesha pampu iko wapi?
2. Taja mambo mawili ya kupima kabla ya kununua pampu.
3. Kwa nini hatufanyi kazi hii ndani ya shimo la karakana?
4. Tangi lina lita 20. Petroli hiyo ina uzito wa kilo ngapi?
5. Andika sentensi tatu kumweleza jirani kwa nini asitoboe sakafu ya bodi.

Someni tena somo hili nyumbani, na mumsomee mwenye gari asiyejua kusoma. Kwaherini, hadi somo lijalo.