Kabla ya Kumpa Ufunguo

Mama yangu alijenga vyumba sita Nkubu kwa pesa za majani chai, akiweka kando bonasi mwaka baada ya mwaka hadi mabati yakapanda. Mpangaji wa kwanza alifika jioni ya mvua akiwa na godoro, jiko na mtoto mgongoni. Mama alimwonea huruma, akampa ufunguo saa hiyo hiyo bila dipoziti wala karatasi. Mpangaji huyo alikaa miezi mitano, akalipa miwili, kisha akahama usiku. Simlaumu kwa umaskini wake. Ninachojuta ni kwamba hakuna aliyemuuliza hata swali moja, kwa maana jibu lingetuwezesha kumpa chumba cha bei anayoiweza, na pengine angekuwa pale hadi leo.

Wenye ploti wengi huogopa chumba kitupu kuliko kitu kingine chochote. Hebu tupige hesabu. Tuseme una bedsita ya Sh6,000 karibu na Makutano, Meru. Ikikaa wazi mwezi mzima ukimsubiri mtu anayefaa, umepoteza Sh6,000. Ukimpa wa kwanza kubisha hodi, naye akakaa miezi mitatu bila kulipa, deni ni Sh18,000 na dipoziti ya mwezi mmoja inafunika theluthi tu. Ongeza mwezi wa kutafuta mwingine, nawe umepoteza Sh18,000 kabla ya kununua kufuli, rangi na kulipa bili ya maji aliyokuachia. Kusubiri kumekugharimu theluthi ya kuharakisha. Na kama tayari una mpangaji anayelipa tarehe 5 bila kukumbushwa, kumpunguzia Sh500 kwa mwezi ni Sh6,000 kwa mwaka, sawa na mwezi mmoja wa chumba kitupu. Mimi ningempunguzia, kuliko kumpandishia halafu ahame.

Kumchunguza mtu hakugharimu pesa nyingi. Simu kwa mwenye nyumba wake wa zamani ni shilingi chache, ila usimpigie yule wa sasa peke yake. Wa sasa huenda anatamani mtu huyo aondoke, hivyo atamsifu kama malaika. Tafuta wa kabla yake, asiye na la kupoteza. Njia nyingine ni kumwomba mgeni akuonyeshe kwenye simu taarifa zake za M-Pesa za miezi sita: kodi ilitoka lini, na ilitoka yote au nusu nusu? Tazama kisha mrudishie simu. Usihifadhi nakala usizozihitaji, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye vyumba sita. Cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi kupitia eCitizen hugharimu takriban Sh1,050, lakini kwangu mimi hakistahili gharama hiyo. Kinaeleza kuhusu uhalifu, hakielezi kuhusu kodi. Barua ya mchungaji nayo ni ya heshima, lakini mchungaji hajui nani hulipa tarehe ngapi.

Kosa ninaloliona sana ni kuuliza mtu anafanya kazi gani badala ya kuuliza pesa zake huingia lini. Mwalimu wa TSC hupata mshahara mwisho wa mwezi, kwa hiyo tarehe 5 inamfaa. Mfanyakazi wa kaunti anaweza kuwa na payslip nzuri na bado akachelewa wiki tatu, kwa sababu kaunti nazo husubiri pesa kutoka Nairobi. Mkulima wa chai ana malipo madogo ya kila mwezi na bonasi kubwa mara moja kwa mwaka. Huyu anaweza kukulipa miezi minne kwa mpigo bonasi ikiingia, ukimwomba mapema. Muuzaji wa miraa kutoka upande wa Maua, au wa muguka kutoka Mbeere, hushika pesa karibu kila siku, na kumwambia azilimbikize hadi tarehe 5 ni kumtega. Mpe nafasi ya kulipa Sh1,500 kila Jumamosi. Lakini kumbuka biashara hiyo hufungwa na watu walio mbali: Uingereza ilipiga marufuku miraa 2014, Somalia ikafunga soko lake 2020 hadi 2022, na Mei 2024 Mombasa na Kilifi zikaizuia muguka. Kwa mpangaji wa namna hiyo dipoziti ya miezi miwili si uonevu. Kwa mwalimu, mwezi mmoja unatosha.

Wanafunzi ni hesabu nyingine. Nchiru kuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, na Embu mjini Chuo Kikuu cha Embu kilichopata hati yake 2016, na pande zote mbili watu wamejenga vyumba kwa ajili yao. Ukimtoza mwanafunzi kila mwezi, likizo ndefu ikifika utabaki na chumba kitupu au na mtoto anayesubiri mkopo wa HELB. Ukimtoza muhula mzima mbele, unapata pesa kwa uhakika ila utaombwa upunguze. Tuseme chumba ni Sh4,000 na muhula ni miezi minne: ukipokea Sh15,000 kwa mkupuo badala ya Sh16,000, umelipa Sh1,000 kununua utulivu. Naona ni bei nafuu. Chukua pia nambari ya mzazi na uzungumze naye siku ya kwanza, si siku ya deni.

Kuna wenye nyumba wanaokataa mama asiye na mume, kijana wa boda boda, au mtu wa kabila fulani, wakidhani wanajilinda. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi huo, nacho kinambana mtu binafsi pia. Tena ni hasara: mama mboga wa soko la Gakoromone mwenye watoto shuleni jirani hahamihami.

Pesa ipitie wapi? Keyateka anayepokea taslimu, au kwenye laini yake mwenyewe, ni rahisi siku za mwanzo na ghali baadaye, kwa kuwa siku ya mzozo huna ushahidi wala mpangaji hana. Ajenti wengi hutoza kati ya asilimia 5 na 10 ya kodi. Kwa ploti ya vyumba kumi vya Sh6,000, asilimia 8 ni Sh4,800 kila mwezi. Anayeishi Nairobi na ana nyumba Majimbo au Dallas, Embu, naona inafaa alipe, mradi ajenti awe amesajiliwa kama sheria ya maajenti wa nyumba inavyotaka. Anayelala ploti iyo hiyo hana haja naye. Paybill ya benki, nambari ya chumba ikiwa ndiyo akaunti, inamtosha, na inamrahisishia ushuru. Tangu Januari 2024 ushuru wa nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama, kwa anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ploti hiyo ya vyumba kumi ikijaa, ushuru ni Sh4,500.

Mpangaji akishindwa, usiguse kufuli wala mabati. Chumba cha kodi isiyozidi Sh2,500 kinalindwa na sheria ya kudhibiti kodi na baraza lake, na duka lisilo na mkataba ulioandikwa lina sheria yake inayotaka notisi ya miezi miwili. Kwa nyumba nyingine za kodi ya mwezi, notisi ni mwezi mmoja, na kama hatoki, amri hutolewa na mahakama, si na vijana wa mtaa. Dalali mwenye leseni anaweza kukamata mali kwa deni la kodi, lakini nguo, matandiko na vifaa vya kazi vya mtu havikamatwi, na ada ya dalali hutoka kwenye mauzo. Jiko na televisheni ya zamani havilipi hata safari yake.

Ndiyo maana tarehe 6 mimi humwendea mpangaji mwenyewe, simtumi keyateka. Akiwa na shida ya mwezi mmoja, tunaandika mpango wa kulipa na wote wawili tunatia sahihi. Akiwa amefika mwezi wa pili na hana tumaini, humwambia hivi: dipoziti yako imekula mwezi mmoja, Sh6,000 zilizobaki nakusamehe, nipe ufunguo Jumamosi na chumba kikiwa safi. Majirani huniona mpumbavu. Lakini kila mwezi wa kuvutana naye ni Sh6,000 nyingine, na Jumatatu chumba hicho kinaweza kuwa na mtu.