Mifuko ya hatifungani: tupime halali yake, kisha tupime hatari yake

 

Ijumaa moja mjini Tabora, baada ya sala, mzee wetu mmoja mstaafu alituvuta pembeni, chini ya mwembe, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa taarifa ya mfuko wa hatifungani. Mwaka uliotangulia, kwa ushauri wa kijana wake, alikuwa amenunua vipande vichache kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Sasa alitaka kuongeza sehemu iliyobaki, kwa nia ya kwenda Hija yeye na mama wa nyumbani kwake. Maswali yake yalikuwa mawili: je, ni halali? Na je, fedha yangu itasalimika? Swali la kwanza tulilijibu papo hapo. La pili lilitulazimu kukaa naye mpaka adhana ya Alasiri, na ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Hatifungani ni hati ya deni. Serikali au kampuni hukopa, huahidi kumlipa mwenye hati kiasi maalumu kwa vipindi, na muda unapokwisha hurejesha mtaji. Benki Kuu ya Tanzania huuza kwa mnada hatifungani za Serikali za muda mbalimbali, tangu miaka 2 hadi 25. Mfuko wa hatifungani ni kapu la wengi: watu huchanga, meneja hununua hati hizo kwa niaba yao, na kila mmoja hupewa vipande kulingana na mchango wake. Nchini kwetu Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005, na mwaka 2019 taasisi ya UTT AMIS ikaanzisha mfuko uliolenga hatifungani hasa. Mifuko ya namna hii iko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Hukumu yake haina kificho kwa wengi wa wanazuoni. Nyongeza iliyowekwa sharti juu ya deni ndiyo riba iliyokemewa katika Suratul Baqara, aya ya 275 hadi ya 279. Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Machi 1990, lilitamka kwamba hatifungani zenye riba ni haramu, awe aliyezitoa ni serikali au kampuni binafsi, na kwamba kuzipa jina la hati za akiba au za uwekezaji hakubadilishi hukumu. Tunafahamu kwamba Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipokuwa Mufti wa Misri mwaka 1989, aliziruhusu hati za uwekezaji za nchi yake. Tunamheshimu, lakini katika suala hili tunasimama na kauli ya Jopo.

Hapo msomaji atauliza: kama ni haramu, ya nini kuipima hatari yake na faida yake? Jibu ni kwamba sukuk zimekwisha kubisha hodi. Mwaka 2022 Benki ya KCB Tanzania ilitoa Fursa Sukuk ya muda wa miaka 3, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikazindua sukuk yake. Mifuko inayojitangaza kuwa ya Kiislamu nayo imeanza kuonekana. Na sisi Waislamu tuna udhaifu mmoja: tukisikia neno halali, tunadhani tumeambiwa salama. Nyama iliyochinjwa kwa bismillahi huoza vilevile ikiachwa juani.

Watu wa Tabora wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa mji wao ulijengwa juu ya mtaji wa watu wa mbali. Burton na Speke walipoingia Kazeh, Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, na aliyewakirimu alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Nguo, shanga na waya vilipanda bara. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Wala tusifiche kwamba njia hiyo ilipitisha pia wanadamu waliouzwa, na hatuitaji hapa kwa kujivunia. Bidhaa nyingi zilichukuliwa Zanzibar kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, alipewa mali na Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Zanzibar wa zama hizo.

Sasa tazama tofauti ya mikataba. Katika qiradh, ambayo wengi huiita mudharaba, mwenye mali hutoa mtaji na msafiri hutoa kazi. Pembe zikiungua njiani bila uzembe wa msafiri, mwenye mali amepoteza mali yake na msafiri amepoteza jasho lake. Katika mkopo, pembe zikiungua, deni linabaki limesimama pale pale. Mwaka 1871 vita baina ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya Ujiji. Stanley mwenyewe alishiriki, wakashindwa, akalazimika kuzunguka kusini. Pembe iliyokwama Ujiji ilikuwa bado ni mali, na huenda bei yake Zanzibar ilikuwa nzuri, lakini haikuweza kufika sokoni. Mwenye qiradh angesubiri pamoja na msafiri wake. Mkopeshaji alikuwa na hati mkononi, na siku zilikuwa zikihesabiwa.

Kisa hicho kina hatari mbili ambazo karatasi za mifuko huzitaja kwa maneno ya kitaalamu. Ya kwanza ni kutegemea njia moja: mfuko ambao karibu mali yake yote ni deni la mkopaji mmoja, hata akiwa Serikali, ni msafara wenye njia moja. Serikali kukopa kwa shilingi yake mwenyewe ni jambo lenye utulivu mkubwa, hatubishi, ila utulivu si sawa na kukosa hatari. Ya pili ni ukwasi, yaani wepesi wa kuigeuza mali kuwa fedha taslimu siku unayoihitaji. Soko letu la hatifungani si pana. Meneja akikabiliwa na watu wengi wanaotaka fedha zao siku moja, atauza kwa bei atakayoipata.

Hatari ya tatu ndiyo isiyofahamika kabisa mitaani, nayo ni ya kubadilika kwa viwango. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha malipo ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi asilimia 12.56 kwa mwaka. Aliyekuwa na hati ya zamani alifurahi: hati yake ilikuwa ikilipa zaidi ya mpya, hivyo thamani yake ikapanda. Kwa hesabu ya malipo ya mara moja kwa mwaka, hati ya zamani ya shilingi 100 ingestahili kununuliwa kwa takriban shilingi 125. Mfuko uliokuwa na hati hizo ungeonekana una meneja hodari mno, kumbe upepo tu ulimsukuma. Geuza hesabu hiyo. Mtu ameshika hati ya asilimia 12.56, kisha viwango vinapanda kurudi asilimia 15.95. Shilingi 100 yake sokoni haifiki 80. Lakini kama hati yake ni ya miaka 2 tu, mabadiliko yaleyale yangeishusha hadi takriban 94 na nusu. Serikali haijashindwa kulipa hata senti. Ni muda mrefu peke yake uliokula tofauti hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza meneja si faida ya mwaka jana. Ni hili: kwa wastani, hati zilizomo kapuni zimebakiza miaka mingapi?

Mzee wetu alitupinga hapa. Alituonesha kwamba bei ya kipande chake haijawahi kushuka. Mstari wa karatasini ulipanda kama ngazi. Tulimwambia aulize jinsi mfuko unavyothamini hati zake. Zikithaminiwa kwa bei ya soko, mstari utapanda na kushuka. Zikithaminiwa kwa gharama ya kununulia, huku malipo yakijumlishwa siku hadi siku, mstari utapanda kwa ulaini hata siku ambayo soko limetikisika. Ulaini huo hauna udanganyifu kama njia ya hesabu imeandikwa wazi kwenye waraka wa toleo, lakini usiusome kama ushahidi kwamba hakuna hatari. Mzigo uliofunikwa turubai una uzito uleule.

Faida nayo ipimwe kwa kipimo cha haki. Asilimia 12 ya mwaka 2024, ambapo mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, ingekuwa ongezeko la kweli. Asilimia hizohizo 12 mwezi Desemba 2011, mfumuko wa bei ulipofikia asilimia 19.8, zingekuwa hasara iliyovaa nguo ya faida. Ondoa pia ada ya usimamizi. Kisha linganisha kilichobaki na kile ambacho mtu angepata kwa kushika mwenyewe hati ya muda ule ule: kama meneja hakuongeza kitu zaidi ya urahisi wa kuingia na kutoka, basi unalipia urahisi, na ujue hivyo. Tena linganisha kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja hauelezi chochote.

Turudi kwenye sukuk, maana vipimo vyote hivi vinaihusu. Sukuk ya ijara yenye kodi isiyobadilika, ikiuzwa sokoni, bei yake huyumba na viwango kama hatifungani inavyoyumba. Sukuk iliyojengwa juu ya deni la murabaha, kwa viwango vya AAOIFI, haiuzwi kwa punguzo wala kwa nyongeza, hivyo ukwasi wake ni mdogo zaidi. Na lipo jambo ambalo wazee wa Zanzibar na Omani walilijua vizuri, yaani bay'u al-khiyar. Mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha "aliliuza" kwa tajiri, akibakiza haki ya kulikomboa, kisha akalikodi shamba lake mwenyewe. Kodi ile ilikuwa nini? Mahakama na masheikh walijadiliana sana. Sukuk nyingi za leo zina umbo hilohilo: mali inauzwa, inakodishwa kwa aliyeiuza, na anaahidi kuinunua tena kwa bei ileile ya awali. Mwishoni mwa mwaka 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani alikosoa vikali ahadi hizo za kurejesha mtaji kamili katika sukuk za ushirika, na Februari 2008 AAOIFI ikatoa tamko la kuzibana. Ijara waliipa nafasi pana zaidi. Sisi tunaona kuwa mnunuzi ana haki ya kuuliza: je, mali hii inahamia kwetu kweli, na ikiteketea, hasara ni ya nani? Kanuni ya fiqhi ni kwamba pato hufuata dhamana. Anayetaka kodi ya nyumba akubali kuwa nyumba ni yake hata siku paa linapoezuliwa.

Kwa mfuko unaojiita wa Kiislamu kuna mengine mepesi ya kuuliza: bodi yake ya sharia ni akina nani, ripoti yao iko wapi, na fedha ambayo haijawekezwa imelala katika akaunti ya namna gani.

Mzee wetu tulimjibu kwa yanayomhusu yeye. Mtaji alioweka kabla ya kujua ni wake, kwa mujibu wa aya ya 279 ya Suratul Baqara. Nyongeza aitoe kwa mafukara bila kutarajia thawabu ya sadaka, wala asiihesabu katika nauli ya Hija. Na kwa kuwa anakusudia kusafiri ndani ya miaka miwili, fedha hiyo haifai kufungwa katika hati ya miaka 25, hata ingekuwa sukuk safi kuliko zote. Wallahu a'lam.

Aliikunja karatasi yake tena mara nne. Akatuambia kuwa kijana wake yuko Dar es Salaam, na kwamba usiku huohuo atampigia simu amuulize jambo moja tu: ndani ya lile kapu, mna nini?