Rada Imeona, Nahodha Hajaambiwa: Kwa Nini Manowari Hugongana

Usiku wa kuamkia Juni 17, 2017, kusini mwa Japani, bahari ilikuwa tulivu na mwezi uling'aa kiasi cha mtu kuona mbali. Saa 7:30 usiku manowari ya Marekani, USS Fitzgerald, iligongana na ACX Crystal, meli ya makontena yenye urefu wa zaidi ya mita 220. Omo ya meli za namna hiyo hutokeza mbele chini ya maji, na ndiyo iliyotoboa ubavu wa kulia wa manowari na kuacha tundu la takriban mita 4 kwa 5. Katika chumba kimoja cha chini walikuwa wamelala mabaharia 35. Maji yalikijaza kwa muda usiofika dakika mbili. Mabaharia 28 walitoka, 7 hawakutoka.

Miezi miwili baadaye, Agosti 21, manowari nyingine ya aina hiyo hiyo, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na mlango bahari wa Singapore. Mabaharia 10 walikufa.

Hizi ni manowari zilizoundwa kufuatilia makombora yaendayo kasi kuliko sauti. Zina rada kadhaa, kamera, na watu wengi wa zamu usiku kucha, ilhali meli ya mizigo huweza kuongozwa usiku na watu wawili tu. Ziliwezaje kutoepuka chombo kikubwa kama jengo la ghorofa kilicholala chini?

Sheria ya baharini

Baharini hakuna mistari wala taa za barabarani, lakini sheria ipo. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977. Zinaibana mashua ya mvuvi kama zinavyoibana manowari.

Misingi yake ni michache. Meli mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali naye. Njia zao zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha, na haruhusiwi kujipenyeza mbele yake kama kuna njia nyingine. Yule anayepishwa hushika njia na mwendo wake bila kubadili, ili mwenzake ajue anapisha nini.

Usiku, kazi hiyo hufanywa na taa. Kila meli huwasha nyekundu upande wake wa kushoto na kijani upande wa kulia. Chombo kinachokatiza kutoka kulia kwako kitakuonyesha taa yake nyekundu, na hiyo ni amri kwako: pisha. Ukiwa na shaka juu ya nia ya mwenzako, piga honi milio mitano mifupi au zaidi.

Kujua kama mtagongana hakuhitaji kompyuta. Ofisa wa zamu huipima meli ya pili kwa dira, husubiri kidogo, kisha huipima tena. Pembe ikibadilika, mtapishana. Pembe ikibaki ile ile huku umbali ukipungua, mnaelekea kukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ni kama dereva wa bodaboda anayekaribia njia panda akaona lori linalotoka pembeni halisogei mbele wala nyuma kwenye jicho lake, linazidi kuwa kubwa tu. Rada za kisasa hufanya hesabu hiyo zenyewe: hutaja meli ipi itapita karibu, karibu kiasi gani, na baada ya dakika ngapi.

Juu ya hayo, meli za biashara za tani 300 na zaidi ziendazo safari za kimataifa hulazimika kubeba mtambo unaotangaza kila mara jina lao, mahali zilipo, mwelekeo na mwendo. Manowari zimesamehewa sharti hilo, kwa kuwa kazi yake ya kivita ni kutoonekana. Nyingi huupokea utangazaji wa wengine na kunyamaza zenyewe. Umbo la manowari za kisasa nalo limechongwa ili mawimbi ya rada yarudi kidogo. Ile inayofichwa machoni pa adui hufichika pia machoni pa jirani asiye na ubaya wowote, na hapo sehemu kubwa ya wajibu wa kuona hubaki kwake yeye aliyejificha.

Fitzgerald: waliokuwa macho hawakusemezana

Usiku ule Fitzgerald ilikwenda maili 20 za baharini kwa saa ndani ya njia yenye meli nyingi. Meli tatu zilikuwa zikija kutoka upande wake wa kulia. Kwa sheria, manowari ndiyo iliyopaswa kupisha. Uchunguzi wa jeshi la majini la Marekani ulionyesha kwamba walinzi wa kutazama kwa macho walikuwa wakiangalia upande wa kushoto tu.

Rada zenyewe hazikuwa zimerekebishwa vizuri, na walioko chumba cha mapambano, ambako picha ya bahari yote hukusanywa, hawakuwapa taarifa wenzao wa chumba cha usukani. Ofisa wa zamu alidhani Crystal ingepita mbali kidogo. Maagizo ya nahodha yalikuwa wazi: meli ikikaribia kiasi fulani, aamshwe. Hakuamshwa. Alikuwa amelala kwenye chumba ambacho omo ya Crystal ilikuja kukibomoa.

Hakuna upande uliomwita mwenzake kwa redio. Kwenye dakika ya mwisho ofisa aliamuru meli igeukie kulia, akaitangua amri hiyo, kisha akaamuru kasi yote na usukani kushoto. Muda wa kugeuka ulikuwa umekwisha. Crystal nayo ilichelewa mno kuchukua hatua, na kanuni haikuiachia: anayepishwa akiona wazi kwamba mwenzake hapishi, naye hulazimika kukwepa.

McCain: usukani uliopotelea kwenye kioo

Habari ya McCain ni tofauti. Hapa bahari ilionekana. Kilichopotea ni usukani. Manowari hiyo iliongozwa kwa skrini za kugusa. Yapata saa 11:20 alfajiri, nahodha aliona mshika usukani analemewa na kazi mbili, kuelekeza meli na kurekebisha mwendo. Akaamuru kazi igawanywe, mtu wa pili achukue mwendo.

Katika kuhamisha mwendo, usukani nao ukahamia skrini ya pili bila mtu kujua. Mshika usukani akatangaza kuwa usukani haumtii. Nahodha akaamuru mwendo upunguzwe, lakini mikono miwili ya mwendo, mmoja kwa kila rafadha, ilikuwa imetenganishwa kwenye skrini. Aliyepunguza alipunguza wa kushoto peke yake. Rafadha ya kulia iliendelea kusukuma kwa nguvu kwa zaidi ya dakika moja, na manowari ikapinda kushoto hadi mbele ya meli ya mafuta. Katika muda huo usukani ulihama kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa walioshika chombo walikuwa wengi, na kwa dakika tatu hakuna aliyejua ni nani hasa anakiongoza.

Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ililaumu mafunzo hafifu, uchovu na usanifu wa mtambo wenyewe. Baadhi ya waliokuwa zamu walitoka meli nyingine yenye mtambo tofauti. Ripoti ilikadiria kuwa watu wa chumba cha usukani walikuwa wamelala wastani wa saa 4.9 katika saa 24 zilizotangulia.

Helge Ingstad: jicho lililoona lilichotarajia

Novemba 8, 2018, ilikuwa zamu ya Norwei. Manowari KNM Helge Ingstad ilikuwa ikirejea kutoka mazoezi ya NATO, ikishuka ndani ya ghuba nyembamba ya Hjeltefjorden kwa mwendo wa maili 17 za baharini kwa saa, ikipokea matangazo ya wengine bila kujitangaza yenyewe. Wakati maofisa wakipokezana zamu, waliona mwanga mkali kwenye gati la mafuta la Sture. Walikubaliana kuwa ni kitu kilichotulia pwani.

Mwanga ule ulikuwa Sola TS, meli ya mafuta iliyokwisha kung'oa nanga ikija upande wao. Taa zake za kazi zilikuwa bado zinawaka sitahani, zikizifunika taa za sheria. Rubani wa Sola aliiona manowari, akauliza kituo cha kuongoza meli ni nani yule. Kituo kilikuwa kimearifiwa mapema na manowari kwamba inaingia eneo hilo, lakini hakikuwa kikiifuatilia. Jina lilipopatikana, rubani akaomba manowari igeukie kulia. Maofisa wakajibu kwamba watageuka wakishakipita kile kitu walichodhani kimesimama. Saa 10:01 alfajiri vyombo viligongana. Watu 137 wa manowari walipona, lakini chombo chenyewe kilizama, na kilipoopolewa mwaka uliofuata hatima yake ikawa ni kukatwa vyuma chakavu.

Huu ndio udhaifu ambao wanasaikolojia wanaujua vizuri. Akili ikishatoa uamuzi wa kwanza, kila habari inayofuata hupindishwa ili ilingane nao. Ndiyo maana kanuni inakataza kukisia kwa habari kidogo, hasa habari kidogo ya rada, na inasema panapokuwa na shaka ya kugongana ichukuliwe kuwa hatari ipo.

Maradhi yalianzia bandarini

Ingekuwa rahisi kuwalaumu maofisa wachache na kufunga faili. Lakini mwaka 2003 jeshi la majini la Marekani lilifuta kozi ndefu ya darasani ya maofisa wapya na badala yake likawapa diski za kompyuta wajifunzie melini. Wakaguzi wa bunge la Marekani waliripoti kuwa kufikia Juni 2017, asilimia 37 ya vyeti vya utayari vya manowari kubwa zenye makao Japani vilikuwa vimepitwa na wakati. Walitaja pia utafiti uliogundua mabaharia wakiwa kazini saa 108 kwa wiki, wakati kiwango kilichopangwa ni saa 80.

Woga wa kumhoji mkubwa nao una historia ndefu. Juni 22, 1893, Admirali George Tryon wa Uingereza aliamuru safu mbili za manowari zigeuke kuelekeana karibu na Tripoli ya Lebanoni. Maofisa wake waliona nafasi haitoshi. Walisita, kisha wakatii. HMS Camperdown ikaitoboa HMS Victoria, na watu 358 wakafa, Tryon akiwa mmoja wao.

Baada ya 2017 Marekani ilibadilisha mambo kadhaa. Manowari zake ziliagizwa kujitangaza zinapopita kwenye msongamano. Zamu zikapangwa upya kufuata mzunguko wa usingizi wa mwili. Mwaka 2019 jeshi lake la majini likatangaza kuwa litarudisha mikono ya mwendo inayoshikika badala ya skrini za kugusa, kwa kuwa mabaharia wenyewe ndivyo walivyotaka.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyo ya ajabu ya kisayansi: jitambulishe, lala, ushike kitu unachokielewa. Katika ajali zote tatu za 2017 na 2018, habari ya kutosha kuziepusha ilikuwa tayari ndani ya meli, na muda wa kuitumia ulikuwapo. Kwa hiyo jeshi linalonunua rada mpya huku likipunguza mafunzo na usingizi wa wanaozisoma halijanunua usalama. Limenunua mashahidi wa ajali inayofuata.