Gemu za zamani kwa bei mpya: zinalipa Morogoro?

Mfanyabiashara mwenye mtaji wa shilingi milioni moja au mbili, anayeuza simu na vifaa vyake jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, anaweza kushawishika kuongeza bidhaa nyingine kabatini: gemu za mkononi za zamani zilizotengenezwa upya. Waliokuwa watoto miaka ya 1990 sasa wana watoto wao na wana kipato, na bado wanakumbuka. Kampuni za Japani zimeliona hilo mapema na zinawauzia kumbukumbu zao kwa bei ya bidhaa mpya. Wiki hii tunauliza kama biashara hiyo inamfaa mtu wa mtaji mdogo.

Ni vizuri tuchukue bidhaa moja tuipime. Tarehe 16 Februari 2024 Nintendo ilitoa Mario vs. Donkey Kong kwa ajili ya mashine ya Switch, kwa bei ya dola 50 za Marekani. Si gemu mpya. Ilitoka kwanza mwaka 2004 kwa mashine ndogo ya Game Boy Advance, nayo ilirithi utaratibu wa gemu ya Donkey Kong ya Game Boy ya mwaka 1994, iliyokuwa na ngazi 101. Mchezaji anaruka, anapanda ngazi, anabonyeza vitufe vya rangi vinavyofungua njia moja na kuziba nyingine, anachukua ufunguo na kuufikisha mlangoni. Ni mchezo wa miguu na akili kwa pamoja.

Kisa chake mfanyabiashara yeyote atakielewa. Sokwe anaona tangazo la wanasesere kwenye televisheni, anakwenda dukani, anakuta bidhaa imekwisha, basi anavamia kiwanda na kuondoka na mzigo. Yaani balaa lote limeanzia kwa muuza duka ambaye hakuagiza mzigo wa kutosha.

Toleo jipya limepakwa rangi nzuri, limeongezewa maeneo mawili juu ya yale ya awali, lina ngazi zaidi ya 130, lina hali nyepesi kwa wasiozoea, na watu wawili wanaweza kucheza pamoja. Kama mchezo, hatuna ugomvi nao. Mtoto wa miaka kumi ataufurahia, na baba yake ataomba zamu. Lakini ukurasa huu unahesabu fedha, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi. Dola 50 ni shilingi 125,000. Ongeza VAT ya asilimia 18 na umefika 147,500, kabla ya ushuru wa forodha, gharama ya kusafirisha na faida ya aliyekuletea. Hiyo ni kadi moja ndogo kuliko kidole gumba, na mnunuzi lazima awe tayari na mashine yenyewe, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya hiyo.

Mwenye kibanda cha gemu ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Tuseme anatoza shilingi 500 kwa nusu saa. Ili kurudisha 147,500 tu anahitaji vikao 295, hapo hajalipa pango, umeme, televisheni wala kijana anayesimamia. Vikao 295 si vingi kwa gemu ya mpira. Kwa gemu ya mafumbo ni vingi mno, kwa sababu fumbo likishafumbuliwa limekufa. Vijana wa mtaa mmoja wataimaliza kwa wiki chache, na atakayekuja baadaye ataelekezwa njia na waliotangulia, wamesimama nyuma yake wakipiga kelele "panda kushoto!" Mchezo wenyewe unaisha hata kabla hajalipa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii wanaponunua. Kibanda cha gemu kinaishi kwa kushindwa kwa wateja wake. Kwenye mpira wa EA Sports FC kuna anayefungwa, na anayefungwa anataka marudiano. Mara nyingi yeye ndiye anayelipa. Aliyeshinda naye hatoki kitini. Fedha inazunguka bila mwenye kibanda kusema neno. Kwenye Mario vs. Donkey Kong wachezaji wawili wanasaidiana, hakuna aliyeaibishwa, na wakimaliza ngazi wanapongezana na kuondoka. Nyumbani hiyo ni sifa, ila kwenye kibanda ni hasara. Kwa hiyo, mwenye kibanda asinunue, hata akipunguziwa bei.

Muuza duka ana hesabu tofauti. Kadi haiozi. Aliyewahi kuteremsha karoti na kabichi kutoka Mgeta anajua maana ya bidhaa inayokudai uiuze leo. Gari likikwama kwa matope mlimani, kesho mzigo ni chakula cha ng'ombe. Kadi ya gemu inaweza kukaa kabatini miezi sita isinyauke. Lakini mtaji uliolala nao una njaa. Kadi kumi za namna hii ni karibu shilingi milioni moja na nusu zimefungiwa kwenye kioo, wakati fedha hiyo kwenye chaja na vioo vya simu ingekuwa imezunguka mara kadhaa. Soko la wenye Switch mjini hapa ni dogo: familia chache zenye uwezo, baadhi ya wanafunzi wa SUA na Mzumbe, na watoto wanaoletewa mashine na ndugu walio ng'ambo.

Ushauri wetu kwake ni kuuza kwa oda tu. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari hiyo ni chini ya saa mbili. Chukua oda Jumatatu pamoja na malipo ya awali ya angalau nusu, fuata mzigo Kariakoo Jumanne, kabidhi jioni. Tahadhari tu kwamba treni hiyo hiyo inambeba mteja wako, naye anaweza kwenda Kariakoo mwenyewe akajua bei ya jumla. Faida yako basi isiwe ya tamaa.

Kwa mzazi au mwekezaji mdogo anayenunua ya kutumia nyumbani, jibu letu ni ndiyo, kwa masharti. Anunue kadi, asinunue ya kupakua. Kadi ni mali: mtoto akiimaliza unaiuza au unaibadilisha na jirani. Ya kupakua ni ruhusa tu, inabaki kwenye akaunti yako. Bidhaa za Nintendo kwa kawaida hazishuki bei haraka, hivyo kadi iliyotunzwa hurudisha sehemu nzuri ya fedha. Tena kadi za Switch hazifungwi kwa nchi, iliyonunuliwa Dubai inafanya kazi Kihonda, na Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, inacheza nyingi kati ya kadi hizo za zamani. Lakini soma kasha la gemu za Switch 2 vizuri. Baadhi yake ndani zina kadi ya ufunguo tu. Gemu yenyewe lazima uipakue kwa bando lako.

Wapo watakaosema, kwa nini kusumbuka, wakati kuna vile vimashine vya bei ya chini kutoka China vyenye gemu mamia ndani, na zile za Game Boy zimo? Kumbukumbu zimo kweli, lakini mara nyingi gemu hizo zimewekwa bila idhini ya wenyewe. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia sheria ya alama za bidhaa na kukamata bidhaa bandia, na mzigo ukikamatwa hakuna wa kukurudishia mtaji. Mwandishi huyu alinunua kimoja akikumbuka enzi za Brick Game 9999 in 1, ambayo kati ya gemu hizo 9999 nyingi zilikuwa matofali yale yale kwa kasi tofauti. Kitufe cha kulia kilikufa wiki ya pili. Gemu ya kuruka isiyokwenda kulia haina pa kwenda.

Anayeletewa kadi ya mkononi mtu aiingize kwenye mashine na kuifungua mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Kama hakuna mashine karibu, kuna kipimo kimoja cha ziada, ingawa hakitoshi peke yake: Nintendo hupaka kadi za Switch kemikali chungu sana ili watoto wasizimeze. Gusa kwa ncha ya ulimi, na uwe na maji karibu.