Mzigo wa Mpagazi na Heshima ya Kilimanjaro

Miongoni mwa wageni wanaokwea Mlima Kilimanjaro kila mwaka, wamo wengi wanaokuja wawili wawili: mume na mke, au wachumba walioazimia kuianza safari ya maisha kwa safari ya miguu. Kila mmoja ana shanta mgongoni, viatu vizito miguuni na fimbo mkononi. Hatuna budi kuwapokea kwa taadhima, kwani ugeni wao ni neema kwa taifa letu. Lakini leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo aghalabu haliingii katika picha wanazopiga. Shanta lile la mgongoni lina maji, koti la mvua na vitu vichache vya njiani. Mzigo wenyewe wa safari uko kichwani mwa mtu mwingine.

Tuifanye hesabu hiyo kwa uwazi. Wageni wawili wanaopita njia za kulala mahemani huhitaji kiongozi na msaidizi wake, mpishi, na wapagazi kadhaa; msafara wa watu wawili huweza kuwa na watumishi wanane, tisa, au zaidi. Hao ndio wabebao mahema, mifuko ya kulalia, mitungi ya gesi, sufuria, meza na viti vya kukunja, na chakula cha siku sita au saba. Mgeni anapoondoka kambini asubuhi huwaacha wakikunja mahema. Baada ya muda humpita njiani, mzigo kichwani juu ya ngata, na anapofika kambi ya pili hukuta hema limesimama na chai i tayari.

Uzuri wa njia hiyo hausimuliki ukaisha. Msafiri huingia kwanza katika msitu wa mvua wenye mbega na miti iliyovikwa kuvu na ndevu za mwituni. Kisha hutokea katika nyika ya vichaka, penye lobelia kubwa na miseneko mirefu kama watu waliosimama ukunguni. Kisha huvuka jangwa la mawe lililo baina ya Mawenzi na Kibo. Katika njia ya Marangu vituo vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo viko katika kimo cha karibu meta 2,700, 3,700 na 4,700. Kilele cha Uhuru kina meta 5,895, na huko kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, usingizi hukimbia. Ndiyo sababu viongozi husisitiza mwendo wa pole pole. Baridi hiyo na hewa hiyo haimchagui mgeni ikamwacha mpagazi. Tofauti ni kwamba mmoja ana koti zito na mwingine pengine ana sweta lililochakaa.

Siku hizi mlima umekuwa pia uwanja wa michezo ya ushupavu. Wapo wapandao kwa baiskeli, na wapo waliowahi kuruka kwa miavuli kutoka juu. Mwaka 2014 Karl Egloff alikwea na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Tunausifu ushujaa huo. Lakini tunamkumbuka pia Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy, ambaye mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa muda usiofika saa 10 huku akijibebea mahitaji yake mwenyewe. Kati ya sifa zote za mlimani, hiyo ya kuubeba mzigo wako mwenyewe tunaiona kuwa ina uzito wa pekee.

Historia nayo ina funzo lake. Vitabu husema kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hutajwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Je, ni wasomaji wangapi wanaoweza kutaja jina la mpagazi hata mmoja wa msafara ule? Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipoupandisha mwenge na bendera juu ya kilele hicho, mlima uliacha kuwa nishani ya wageni ukawa alama ya utu wa wananchi. Alama hiyo haipatani na kijana anayelala na njaa chini ya turubai, mita chache kutoka kwa mgeni aliyemchukulia godoro lake.

Kanuni zipo. Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na mizani iko langoni. Lakini mizani ya langoni haina macho ya kuona yanayotendeka mbele ya safari. Wapo waajiri wanaougawa mzigo vizuri mpaka lango lipite, kisha wakawarudisha wapagazi wengine na kuwabebesha waliobaki. Wapo pia wanaomwambia kijana kuwa mshahara wake ni bahashishi ya mgeni, na bahashishi yenyewe ikapita katika mikono mitatu kabla ya kumfikia.

Tunajua hoja itakayotolewa. Itasemwa kwamba vijana wenyewe hung'ang'ania kazi hiyo, na kwamba gharama zikipanda wageni watakwenda katika milima ya nchi nyingine. Hoja hii haina insafu. Mwenye shida hukubali mengi, lakini kukubali kwake hakuigeuzi dhuluma kuwa haki. Na mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya au Marekani kuuona mlima huu hatashindwa na nyongeza ndogo, endapo ataelezwa wazi kwamba inakwenda kwa anayemtandikia hema. Safari inayouzwa kwa bei ya chini mno ina upungufu, na upungufu huo lazima uzibwe na mtu. Mara nyingi huzibwa na tumbo la mpagazi.

Hivyo basi, tunashauri mambo manne. Mizigo ipimwe pia katika kambi za juu, bila taarifa. Ujira ulipwe wote siku ya kushuka, kabla jasho halijakauka, na bahashishi itolewe hadharani mbele ya wote. Hakuna mpagazi avuke lango bila viatu, koti, mahali pa kulala na uhakika wa chakula. Na wageni, kabla ya kulipa, waulize: watu wetu watalala wapi, watakula nini, watalipwa kiasi gani?

Na kwa vijana wetu, waume kwa wake, tunasema: msiuache mlima huu kwa wageni. Ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni. Jiwekeeni akiba, mkwee pamoja, nanyi mkiwa njiani mkisikia hatua za mpagazi nyuma yenu, sogeeni kando, mpisheni, na mumwamkie. Yeye ndiye mwenye mzigo.